Miche Tuliyoipanda Iko Wapi?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano mkuu wa mwaka huu litaletwa mbele yenu shauri moja la Halmashauri, kwamba chama chetu kitenge kipande cha shamba lake kwa ajili ya wanaskuli wa jirani, wapate kujifunza humo mambo ya mabadiliko ya tabia ya nchi na kuyafanyia kazi kwa mikono yao. Najua shauri hili limekwisha zungumzwa barazani, na wako waliolikataa kabla ya kulisikia. Kwa hivyo nimeomba nafasi katika ukurasa huu nieleze kwa nini mimi naliunga mkono. Haya ni maoni yangu mwenyewe, si ya Halmashauri. Atakayeona nimekosea na aandike, nafasi ipo.

Yanipasa nianze kwa kukiri kosa. Masika ya mwaka juzi tulifanya siku ya kupanda miti pamoja na watoto wa skuli moja. Watu walikuja wengi, dua ikasomwa, picha zikapigwa, watoto wakapewa soda, na miche 200 ikatiwa ardhini. Jioni ile niliandika katika taarifa ya chama kwamba miche 200 imepandwa. Taarifa ilisomwa mkutanoni na sote tukapiga makofi. Mwezi uliopita nilikwenda kuihesabu miche ile, nikaikuta 31. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine ilikauka katika kiangazi cha kwanza, na mingine ilifyekwa na mtu aliyekuwa akisafisha shamba asijue kuwa ni miche. Hapana mtoto hata mmoja aliyekwenda kuitia maji, kwa sababu hapana aliyemwambia aende. Kosa hili si la watoto. Ni langu mimi Katibu, niliyedhani kazi imekwisha siku ile ile ilipoanza.

Nisingekwenda kuihesabu miche ile lau si safari niliyoifanya bara. Baadhi yenu mnajua kwamba dada yangu ameolewa na mfanya biashara wa nguo aliyeko Geita, mmoja katika vijana wengi wa Pemba waliotawanyika bara kutafuta riziki. Nilikwenda kwa ajili ya harusi ya binti yake mkubwa. Nilisafiri kwa basi hadi Mwanza, na kutoka hapo nikavuka ghuba ya ziwa kwa daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kiasi cha kilomita 3, lililofunguliwa mwaka 2025. Zamani watu walikuwa wakingoja kivuko hapo kwa saa nyingi.

Geita ni nchi ya dhahabu. Ilichimbwa huko tangu zama za ukoloni, mgodi wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Mkoa wenyewe ni mchanga, umeundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Mwanza, Shinyanga na Kagera. Mbali na mgodi mkubwa wako wachimbaji wadogo wengi sana, na hawa huingia ardhini katika mashimo wanayoyaita maduara. Kuta za duara huzuiliwa kwa magogo, nayo wenyewe huyaita matimba. Magogo hayo hutoka msituni. Ongeza juu yake kuni na mkaa wa mji unaokua kila siku, na mtu hahitaji kuambiwa kwa nini vilima vingi vimebaki vitupu.

Siku ya pili baada ya harusi, mpwa wangu mdogo, aliye kidato cha pili, alinishika mkono akaniambia, "Mjomba, twende ukaone mti wangu." Nilimfuata kwa kumridhisha tu. Nyuma ya madarasa ya skuli yao nilikuta miti imepangwa safu kwa safu, kila mmoja umezungushiwa miiba kuzuia mbuzi, na kila mmoja una kipande cha bati chenye nambari. Mwanafunzi akiingia kidato cha kwanza hupewa mti mmoja, na ni wake mpaka amalize skuli. Maji yaliyooshewa vyombo jikoni hayamwagwi, hupelekwa mitini kwa zamu. Mwisho wa kila mwezi miti yote huhesabiwa.

Mwalimu wao alinionyesha daftari la hesabu hiyo. Lina nambari ya mti, jina la mlezi wake, na hali yake. Mti uliokufa haufutwi, huandikwa kwa wino mwekundu pamoja na sababu ya kufa kwake: mbuzi, mchwa, jua, uvivu. Nilimwambia kwamba sisi tungaliona haya kuandika hivyo. Akanijibu kwa upole kwamba daftari lisiloandika waliokufa halimfundishi mtu kitu. Hapo ndipo nilipoikumbuka taarifa yangu ya miche 200.

Nilimwuliza mpwa wangu, "Mti wako huu utaleta mvua?" Akacheka. Akanieleza waliyofundishwa, na nayaandika hapa kwa kuwa wengi wetu twayasikia redioni bila kuyafahamu. Makaa ya mawe, mafuta na gesi vinapochomwa hutoa hewa ya ukaa, na misitu inapokatwa na kuchomwa hutoa hewa hiyo pia. Hewa hii huizunguka dunia kama blanketi, ikalizuia joto lisitoke. Zamani, kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa sehemu 280 hivi ndizo zilizokuwa hewa ya ukaa. Leo zimezidi 420. Ndiyo maana dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya digrii moja, na mwaka 2024 ukawa wa joto kuliko miaka yote iliyopata kupimwa. Bahari ikipata joto hutanuka, na barafu ikiyeyuka maji huongezeka, basi bahari hupanda. Mvua nayo huharibika mpango wake, mahali pengine ikazidi na pengine ikakosekana. Na katika moshi wote huo sehemu ya Afrika nzima haifiki 4 katika kila 100.

"Basi mti wako mmoja utafanya nini?" nilimwuliza. Akasema, "Mjomba, mti wangu hauwezi kuipoza dunia. Lakini mvua ikija yote kwa siku moja, udongo wetu usiende ziwani. Na isipokuja, kivuli kibaki." Mtoto wa miaka 15 huyu, na kwa maoni yangu amelifahamu jambo hili kuliko wengi wanaolihutubia.

Nilikaa nao katika darsa yao ya alasiri. Hapo mtoto mmoja, ambaye baba yake ni mchimbaji, alisimama akasema kwamba baba yake hakati mti kwa kupenda, maana bila matimba duara litamfunika. Hapana aliyemcheka wala kumkemea. Walishauriana, na kumbe shauri walilolifikia muhula uliopita ni kupanda miti ya kukua upesi katika ardhi ya skuli, ipate kukatwa kwa kazi hiyo, ili miyombo na mininga ya msituni ipumzike. Kadhalika jikoni wamejenga majiko ya udongo yasiyokula kuni nyingi, na mmoja wao hupima mzigo wa kuni kila siku. Kila asubuhi saa tatu mwanafunzi wa zamu husoma kipimo cha mvua na kuandika. Hizo ndizo kazi zao. Ni ndogo, lakini kila moja ina mwenyewe, na kila moja yahesabiwa.

Nilimwuliza mwalimu mambo haya aliyapata wapi. Akanijibu kwamba yeye ni mtu wa Shinyanga, na kwamba wazee wake walikwisha pitia njia hii. Khabari za Shinyanga zafaa tuzijue, maana ni somo kubwa kwa mkulima yeyote.

Wasukuma wana desturi ya kale iitwayo ngitili. Mvua zinapoanza, kipande cha malisho hufungwa, mifugo isiingie, nyasi na miti ipate kukua, na hufunguliwa kiangazi wakati malisho yamekwisha kwingine. Lakini miaka ya ukoloni misitu ilifyekwa kwa vita vya kuwaondoa mbung'o, kisha mashamba ya pamba yakaenea, na katika miaka ya 1970 watu walipohamishiwa vijijini waliziacha ngitili zao nyuma. Nchi ikawa tupu, wanawake wakawa wanatembea mbali kutafuta kuni. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere aliizuru Shinyanga akaiona hali hiyo, na mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI.

Sasa angalieni jambo hili. Miti mingi iliyorudi Shinyanga haikupandwa. Mizizi na visiki vilikuwa bado vi hai ardhini, vikingoja kuachwa tu. Kilichofanyika ni kulinda. Wazee walikaa katika mabaraza yao ya dagashida wakaweka sheria, Sungusungu wakazisimamia, na kila mtu, kijiji na baadhi ya skuli wakawa na ngitili zao zinazojulikana mipaka na mwenyewe. Mwaka 1986 zilikuwako hekta kiasi cha 600 tu. Kufikia mwaka 2004 zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Mwaka 2002 mradi ule ulipata Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Wataalamu walipoihesabu faida yake, kuni, malisho, asali, dawa, matunda na maji, waliikisia kuwa dola 14 za Kimarekani kwa kila mtu kwa mwezi. Kwa mtu wa shamba hiyo si fedha ya kudharau.

Nilipokuwa narudi, basi letu lilipita Shinyanga mchana. Nilikaa dirishani nikiitazama nchi ile, na kila nilipoona migunga imesimama pamoja nilijiuliza kuna nani aliyekubali kuilinda wakati ilipokuwa vichipukizi.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna mbung'o wala maduara, lakini mtu asidhani kwamba mambo haya hayatuhusu. Kisiwa Panza maji ya chumvi yameingia mashambani, minazi ikafa mahali ilipokuwa ikizaa, na watu wamelazimika kupanda mikoko kuizuia bahari. Na mwanachama gani kati yetu hajapatwa na mvua isiyo na wakati wake, karafuu ziko juu ya majamvi? Zamani mzee akitazama mawingu huweza kusema anike au asianike. Leo wazee wenyewe wanakiri kwamba hesabu zao zinawatupa.

Mkarafuu ni mti wa subira. Mbegu yake haiwekeki, yapasa ipandwe mbichi. Mche wake wataka kivuli na maji, na usipotazamwa katika kiangazi cha mwanzo hufa. Huzaa baada ya miaka sita au zaidi, kisha huweza kuishi miaka mia. Serikali imekuwa ikitupa miche bure, nasi twashukuru, lakini mche wa bure ukifa khasara yake si ya bure, ni miaka sita iliyopotea. Twakumbuka khabari za tufani ya mwaka 1872, iliyoiangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikawa ndiyo yenye karafuu nyingi tangu hapo. Mikarafuu iliyotulea sisi ilipandwa na watu ambao wengi wao hawakuichuma sana. Sasa tuangaliane mkutanoni, tuone vichwa vingapi vina mvi, kisha tujiulize miche tunayoipanda leo italindwa na nani.

Nimesikia hoja tatu za kulipinga shauri hili, na zote zina haki ya kujibiwa.

Hoja ya kwanza yasema moshi huu ni wa nchi za viwanda, basi wao ndio wenye kuuondoa. Ni kweli kwamba kosa kubwa ni lao, na yafaa wadaiwe. Watoto wetu nao wafundishwe hivyo hivyo, wasije wakadhani kwamba wao ndio walioiharibu dunia. Lakini jirani akikuchomea nyumba, unamshitaki huku unazima moto. Hungoji hukumu ndipo uchote maji.

Hoja ya pili yasema watoto wako skuli kwa kusoma, si kwa kulimishwa. Hoja hii naiheshimu zaidi, maana twajua baadhi yetu hatuna haya kumtoa mtoto darasani msimu wa karafuu ukifika. Kwa hivyo nataka iandikwe waziwazi katika azimio kwamba mtoto asiyekuwa na mti wake asipewe kazi, na mwenye mti asitumwe kuchuma karafuu za chama wala za mwanachama kwa kisingizio cha masomo. Saa moja kwa wiki yatosha. Kitakachozaliwa humo kiwe cha skuli.

Hoja ya tatu yasema watoto watafanya nini lililowashinda wakubwa. Mwaka 1991 wanafunzi 12 mjini Dar es Salaam walikutana na Bibi Jane Goodall, yule mtaalamu wa sokwe wa Gombe aliyefariki mwaka 2025, wakamweleza mambo ya mazingira yaliyokuwa yakiwatia wasiwasi. Katika mazungumzo yale kilizaliwa chama cha vijana kiitwacho Roots & Shoots, ambacho leo kimeenea katika nchi nyingi za dunia. Na bara, mwaka 2022, Ofisi ya Makamu wa Rais ilianzisha kampeni ya Soma na Mti, kila mwanafunzi apande mti na autunze. Neno la mwisho hilo ndilo lenye uzito. Kupanda kwachukua asubuhi moja, kutunza kwachukua miaka.

Mimi nilisoma chuoni kabla ya skuli. Mwalimu wetu alikuwa na michungwa nyuma ya nyumba yake, na kila mwanafunzi alikuwa na mchungwa wake wa kuutia maji kabla ya kufungua msahafu. Aliyekuwa mti wake umenyauka hakupigwa. Mwalimu humwuliza tu mbele ya wenziwe, "Mti wako una kiu tangu lini?" Hadithi ya Mtume juu ya mtu aliyeshika mche na Kiyama kinasimama nilifundishwa chini ya michungwa ile, na mpaka leo nikipita pale huutafuta wangu.

Basi mambo ninayoyaomba mkutanoni ni manne. Kwanza, chama kitenge nusu eka karibu na skuli, mipaka yake ijulikane, na mwanachama asifunge mbuzi humo. Pili, kila mwanafunzi atakayejiandikisha apewe mche mmoja tu, wa mkarafuu, mchungwa au mti wa kuni kwa hiari yake, na jina lake liandikwe. Tatu, chama kinunue kipimo cha mvua, watoto wakisome kila siku, na kila mwezi hesabu yao ichapwe katika ukurasa huu. Wazee wenye kumbukumbu za vuli na masika ya zamani waalikwe wawasimulie, maana kitabu hakina khabari za shamba lako. Nne, taarifa ya Katibu kila mwaka isiseme tena ni miche mingapi imepandwa. Iseme mingapi i hai, mingapi imekufa, na kwa sababu gani.

Mkilikataa shauri hili nitaitii kauli yenu, maana chama ni chenu. Lakini hata likikataliwa, nimekwisha wajulisha walimu wa skuli ile ya mwaka juzi kwamba Ijumaa ijayo baada ya sala nitakwenda kuizungushia miiba miche 31 iliyobaki. Watoto wanane wameahidi kuja. Mwanachama mwenye panga na nafasi anakaribishwa.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama